Siku Bimdogo Alipozindua Choo

Bimdogo wa Kitangari alikuwa amekwenda kwenye maonyesho ya wakulima mara moja tu maishani, na alichokiona huko kilikuwa makalio. Alikaa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, katikati ya umati uliosimama wima, na kila alikogeuza uso akakutana na suruali za watu na khanga za watu. Ng'ombe wa maziwa aliwasikia. Trekta alilinusa. Mgeni rasmi wa mwaka ule alimwona kofia tu, ikipita juu ya vichwa. Aliporudi nyumbani majirani wakamuuliza kulikuwa na nini huko, naye akawajibu, "Watu wa mkoa wetu wamenona siku hizi."

Miguu yake ilikufa angali mdogo, hajaanza shule. Homa iliingia nyumbani kwao, ikakaa, na ilipoondoka ikaondoka na nguvu za miguu. Baba yake hakuwa mtu wa maneno. Alimfunga kwa khanga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akawa anakwenda naye shambani kila asubuhi, akimweka chini ya mkorosho na kumwachia rundo la korosho za kuchezea. Mtoto akacheza nazo mpaka mchezo ukawa kazi. Alipofikia umri wa kuolewa, hakuna mwanamke pale Kitangari aliyebangua korosho nyingi kama yeye zikatoka nzima, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, weusi ambao hautoki kwa sabuni wala kwa majivu. Aliolewa na Shamte, mchuuzi wa maji, mwanamume mpole aliyekuwa akicheka kabla ya mkewe kumaliza kusema. Walizaa binti mmoja, Wema, ndiyo maana hata leo pale kijijini wengi humwita Mama Wema. Shamte alifariki Wema akiwa darasa la saba. Mama mtu akambangulia korosho mpaka akamaliza chuo cha uuguzi, akapata kazi Mtwara mjini.

Hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Aliyemhurumia kwa sauti aliuziwa korosho zilizokaa sana.

Jambo moja tu lilikuwa likimkera. Miaka kadhaa iliyopita walikuja wafadhili kijijini, wakaleta mashine za kubangulia korosho kwa ajili ya kikundi cha akina mama wenye ulemavu. Zilipokewa kwa ngoma. Zilipofunguliwa, kila moja ilikuwa na pedali ya kukanyaga kwa mguu. Akina mama walitazamana. Bimdogo akainua mkono na kuuliza kama wafadhili wameleta na miguu yake, au itafuata kwa gari lingine. Watu walicheka, picha zikapigwa, mashine zikaingizwa stoo.

Kwa hiyo aliposikia redioni kwamba maonyesho ya mwaka huu, yatakayofanyika nje kidogo ya mji wa Masasi, yatakuwa na mashine ya kubangulia "inayotumia mkono peke yake, haihitaji kingine," aliacha alichokuwa akifanya, akaongeza sauti. Tangazo likaendelea kusema kwamba mwaka huu hakuna atakayeachwa nyuma, kwa kuwa maonyesho ni jumuishi.

"Nini hiyo jumuishi?" aliuliza jirani yake Hamudi, dereva wa kirikuu, aliyekuwa ameinamia injini ya kigari chake uani.

"Maana yake na mimi nimo," alisema Bimdogo. "Tutaona nimo wapi."

Haikupita wiki, akaja Anderson. Huyu alikuwa katibu wa kamati ndogo ya ushiriki jumuishi ya maonyesho, kijana mpole wa shati la kuchomekea, ambaye hakuweza kusema "tatizo" bila kujisahihisha na kusema "changamoto."

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Anderson akakaa kwenye kigoda, magoti yakampanda hadi kifuani, akaeleza kwamba kamati inamwalika kama mdau. Kutakuwa na kikao Newala, siku ya Jumanne, cha kupanga namna watu wenye ulemavu watakavyoifurahia siku ya kilele. Mzee Swalehe naye amealikwa. Mzee Swalehe alikuwa seremala wa zamani aliyezibika masikio ukubwani. Alisema vizuri tu kama mtu yeyote, ila maneno ya wenzake aliyasoma midomoni.

Jumanne ilipofika, Hamudi aliwapeleka wote wawili Newala. Kikao cha kupanga namna ya kufikika kilikuwa ghorofani.

Anderson alitelemka mbio, jasho linamtoka. "Mama, samahani sana. Ukumbi wa chini umejaa mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Lakini hakuna shida, nimeandaa vijana wanne, watakubeba."

Bimdogo akawatazama wale vijana wanne walivyojipanga, wawili mbele, wawili nyuma.

"Nimekuja kikaoni," alisema. "Sikuja mazikoni."

Ikaamuliwa ashiriki kwa simu. Akabaki chini, kivulini mwa ngazi, simu sikioni, na kamati juu ya kichwa chake ikaanza kumjadili. Mtandao wa simu ulikuja na kuondoka. Alisikia "itifaki imezingatiwa." Alisikia "fulana." Alisikia mtu akipendekeza bango kubwa, na mwingine akipendekeza liwe kubwa zaidi. Ikatokea njia ya mteremko ya kupandia jukwaani. Kikatokea choo cha kisasa, chenye mlango mpana, kitakachozinduliwa na mgeni rasmi mwenyewe. Hapo makofi yalipigwa hata ngazi zikatikisika.

"Mama Wema, unasemaje huko chini?" aliuliza mwenyekiti.

"Kutoka getini mpaka kwenye mabanda kuna mchanga," alisema Bimdogo. "Magurudumu yangu yanazama. Mtaweka nini pale?"

Kisha sauti ikasema, "Hoja imepokelewa," na kikao kikahamia kwenye rangi ya fulana.

Mzee Swalehe, ambaye ngazi hazikuwa shida kwake, aliteremka kikao kilipokwisha huku akijifuta mdomo.

"Wameamua nini kuhusu mchanga?" Bimdogo alimuuliza, akimwelekezea uso ili aone midomo.

"Midomo ilikuwa mingi, mwanangu, na yote inakwenda kwa pamoja. Sikushika kitu," alisema mzee. "Ila vitumbua vilikuwa vizuri."

Siku ile Bimdogo alielewa kwamba mipango ya kamati ni ya kamati, na yeye atafute yake. Hamudi alipopata mzigo wa kupeleka Masasi, akakaa naye mbele, baiskeli wakaifunga nyuma juu ya viroba, wakateremka kutoka uwanda wa juu, kwao, mpaka tambarare yenye majabali, wakaenda kuvikagua viwanja siku kadhaa kabla ya shughuli. Lango kuu lilikuwa kama alivyolikumbuka, mchanga mlaini mpaka ndani. Mafundi walikuwa wakijenga ule mteremko wa jukwaani. Ulikuwa umesimama kama paa la nyumba.

"Fundi, hapa atapanda nani?" aliuliza Bimdogo.

"Mama, mimi nimechorewa," alisema fundi, na kuendelea kupaka sakafu.

Wakazunguka uwanja mzima na kigari chao, wakafika nyuma kwenye mabanda ya mifugo. Huko Bimdogo alimwambia Hamudi asimame. Kulikuwa na lango la pili, la kuingizia wanyama. Njia yake ilimwagiwa kifusi na kushindiliwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu, ng'ombe wasije wakateguka. Kulikuwa na mteremko wa kushukia kutoka kwenye malori, wa taratibu, wenye kingo pande zote mbili. Kulikuwa na kivuli. Kulikuwa na bomba la maji, na kwa mtu wa Kitangari bomba linalotiririka ni kitu cha kusimama na kukitazama.

"Ng'ombe wana kamati nzuri," alisema Bimdogo.

Basi mpango wao ukawa huo. Watatoka kukiwa na baridi bado, wataingia kwa lango la mifugo, na wataanzia kwenye banda la mashine kabla umati haujajaa. Akachemsha ming'oko, vile viazi vya porini, ya kula njiani. Na kama afanyavyo kila anaposafiri, asubuhi ya safari hakutia kitu chochote cha majimaji mdomoni. Hamudi alipomletea kikombe cha chai, alikisukuma pembeni.

"Sinywi mpaka nijue choo kimekaaje."

Hamudi alikuwa amemfahamu tangu utotoni, na hakuwahi kujua kwamba mwanamke huyu hupita siku nzima za safari na koo kavu kwa sababu hiyo. Alisimama na kikombe mkononi, hajui akinywe au akimwage. Mwishowe akampa Mzee Swalehe, ambaye naye alikuwa mwalikwa wa safari ile.

Lango kuu walilipita kwa mbali tu, lakini waliona ya kutosha. Palikuwa na maegesho maalumu, yamechorwa alama ya kiti cha magurudumu chini, na yalikuwa yamejaa. Magari yote yalikuwa na karatasi kiooni imeandikwa KAMATI. Wakazunguka nyuma. Kwenye lango la mifugo alikaa mlinzi na daftari lake.

"Shikamoo mama. Lakini hapa ni mifugo tu. Naandika aina na idadi."

"Marahaba. Andika mbuzi mmoja."

Mlinzi alicheka mpaka kalamu ikamdondoka, akawafungulia. Magurudumu yakaviringika kwenye kifusi bila shida, na Bimdogo akapita katikati ya ng'ombe wa maziwa kichwa juu, wanamtazama naye anawatazama, macho kwa macho. Alifurahi kama mtoto. Mabanda ya mashine alikuwa anayaona kwa mbele, na watu walikuwa bado wachache.

"Mama Wema! Mama Wema!"

Alikuwa Anderson, anakimbia, suti nyeusi imejaa vumbi hadi magotini. "Tumekutafuta kote! Bila ninyi shughuli haianzi."

Akawavisha fulana. Zilikuwa za njano, zimeandikwa NAMI NAWEZA, na zote zilikuwa za saizi moja, saizi ya mtu ambaye kamati ilikuwa imemfikiria, mtu mkubwa sana. Ya Bimdogo ilifunika mpaka mikono, akashindwa kuendesha, hivyo ikabidi asukumwe. Akasukumwa hadi kwenye hema lao maalumu, mbele kabisa, chini ya bango, ubavuni mwa spika ambazo kila moja ilikuwa na kimo cha kabati. Waalikwa wengine walikuwepo tayari, wa magongo na wa viti, wamejiziba masikio kwa viganja. Mtu pekee aliyeridhika alikuwa Mzee Swalehe. Alikaa, akanyoosha miguu, akatazama huku na huku.

"Pametulia hapa," alisema. "Mbona mnashika vichwa?"

Bimdogo akamvuta Anderson koti. "Mwanangu, mimi nimekuja kuona mashine. Niende mara moja nirudi."

"Mama, nakuomba. Mgeni rasmi akija lazima awakute mmekaa. Itifaki ndivyo inavyosema. Akishawasalimia mko huru." Kisha, kwa moyo mzuri kabisa, akaagiza waletewe maji na soda. "Kunyweni tu mama, msiogope. Choo chenu kile pale, hatua chache."

Na kweli kilikuwa pale. Kilipakwa bluu na nyeupe, mlango mpana, na mteremko wake, sijui kwa bahati gani, ulikuwa umejengwa sawasawa. Jua la Masasi si kama la uwandani, hasa mtu akiwa ndani ya fulana ya mtu mkubwa sana. Bimdogo alikiangalia kile choo, akaiangalia chupa ya maji, akasema moyoni kwamba pengine kwa mara hii moja wamepanga kweli. Akanywa. Akanywa na soda.

Mgeni rasmi hakuja. Ikapita ngonjera ya wanafunzi kuhusu viwavi. Zikapita hotuba za kumkaribisha aliyekuwa hajafika. Mshereheshaji akawatambulisha wadau, akawaita "ndugu zetu hawa," akaomba makofi ya kilo. Jua lilipokuwa limeshika utosi, Bimdogo alivua ile fulana kichwani, akaifunga kiunoni, akazungusha mikono ya baiskeli kuelekea chooni.

Mbele ya mlango kulikuwa na utepe wa njano na kijani, umefungwa kwenye misumari miwili, na mgambo mwenye kirungu.

"Hakijazinduliwa, mama."

"Mwanangu, mimi sitaki kukizindua. Nataka kukitumia."

"Kikitumika kabla, kitakuwa kimezinduliwa."

Anderson akaitwa. Akaja na uso wa mtu anayefahamu kwamba siku imeanza kumponyoka. "Mama, vumilia kidogo tu. Nimepigiwa simu, mgeni rasmi ameshafika Nanganga."

"Nanganga! Yeye yuko Nanganga, mkojo uko hapa."

"Kuna vyoo vya umma kule nyuma, mama, tunaweza kukusindikiza..."

"Vya kuchuchumaa?"

"Ndiyo, lakini ni visafi."

"Nichuchumae kwa miguu ya nani, Anderson?"

Anderson akaitazama simu yake, akamtazama mgambo, akautazama utepe. Bimdogo alimwona anavyohangaika, akamwonea huruma, na huruma ile ikampanda ikawa hasira, kwa sababu hata pale, katika hali ile, ilikuwa ni kazi yake yeye kumsikitikia mtu mwenye suti. Akashika mikono ya baiskeli, akainama, akapanda mteremko.

Utepe ulimpata kifuani. Ukanyooka, ukavutika, msumari mmoja ukang'oka. Mgambo aliinua kirungu, akasoma maneno NAMI NAWEZA kiunoni mwa mama, akakishusha. Mlango ukafunguka, ukafungwa.

Sasa, kikundi cha tarumbeta kilikuwa kimepewa agizo moja tu tangu alfajiri: utepe ukianguka, pigeni. Walikuwa wamesubiri kwa muda mrefu, midomo imewakauka. Kiongozi wao aliuona utepe ukipepea chini, akainua fimbo, na tarumbeta zikalipuka. Mshereheshaji, aliyekuwa akila chipsi nyuma ya jukwaa, akashtuka, akanyakua kipaza sauti.

"Naaam, mabibi na mabwana! Kitu hicho! Choo chetu jumuishi sasa kimezinduliwa rasmi! Makofi! Vigelegele akina mama!"

Vigelegele vikapigwa. Uwanja mzima ukageuka.

Ndani, Bimdogo alikuwa ameshika vile vyuma vya ukutani, vimewekwa mahali hasa mkono unapovitafuta, na alijihamisha kutoka kwenye baiskeli bila kumwita mtu. Palikuwa na nafasi ya kugeuka. Palikuwa na komeo analolifikia. Maji yalitoka. Huko nje watu walishangilia jambo ambalo tangu azaliwe hakuwahi kushangiliwa kwalo, na angecheka, lakini macho yalirudi kwenye vile vyuma. Kilikuwa choo kizuri. Angekuta kibaya angetukana, akatoka, akaenda zake. Lakini walijua namna ya kukijenga, wakakijenga vizuri, kisha wakakifungia utepe.

Akakaa kidogo mpaka uso ukatulia, ndipo akafungua.

Nje alimkuta Naima, mtangazaji wa redio moja ya huko, na kinasa sauti mkononi.

"Mama, unajisikiaje baada ya uzinduzi huu wa kihistoria?"

"Nafuu, mwanangu."

"Na una ujumbe gani kwa jamii?"

"Jamii ipange foleni. Mimi nimemaliza."

Na jamii ilikuwa imeshapanga foleni. Watu wa hema wote walikuwa nyuma yake, magongo na viti, na mjamzito mmoja ambaye hakualikwa na yeyote, na Mzee Swalehe. Umati nao ulikuwa umekimbilia huku kushangaa tarumbeta zinapigiwa nani. Bimdogo akageuza baiskeli, akaona jambo ambalo hakulitegemea. Upande wa mabanda hapakuwa na mtu. Uwanja ulikuwa wazi mbele yake, na kila kitu kikaonekana kuanzia chini hadi juu.

"Hamudi," alisema, "sukuma haraka, kabla hawajanikumbuka."

Njiani kuelekea kwenye mashine akaona na vitu ambavyo hakujua kwamba anavitaka. Aliona trekta jekundu lote, na tairi zake. Aliona mihogo mirefu kama watoto. Aliona sungura, mizinga ya nyuki, bwawa la samaki lililokuwa beseni. Mchanga ulipomshika, Hamudi alimkwamua. Bimdogo alikuwa anacheka ovyo.

Yaliyoendelea huko chooni walisimuliwa baadaye. Mgeni rasmi alifika. Anderson alikuwa amepigilia msumari upya na kuufunga utepe tena. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani kuna mtu. Mgeni rasmi akahutubia mbele ya mlango kwa kirefu, kuhusu utu, kuhusu usawa, kuhusu korosho. Mtu mmoja akasikia maji ndani, akagonga mlango kwa adabu, kisha bila adabu. Aliyekuwamo hakusikia. Mkasi ukapita, utepe ukaanguka, tarumbeta zikalipuka kwa mara ya pili, na mlango ukafunguliwa kutoka ndani na Mzee Swalehe, akikaza mkanda. Aliona umati mkubwa unampigia makofi. Hakutaka kuwavunja moyo. Akainua mkono, akasema, "Asanteni, asanteni sana," akampa mgeni rasmi mkono, akateremka.

Bimdogo wakati huo alikuwa ameshafika kwenye banda la mashine. Muuzaji alikuwa dada mmoja aitwaye Happiness, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Masasi, mwenye ovaroli lenye vitundu vya cheche. Akamkaribisha Hamudi.

"Karibu kaka. Mama anatafuta nini?"

"Mwulize mwenyewe," alisema Hamudi. "Ana mdomo kunishinda mimi."

Happiness akaona haya, akageuka, akamwamkia upya. Bimdogo akauliza iko wapi ile mashine ya mkono peke yake. Akaonyeshwa. Ilikuwa nzuri, imepakwa kijani, ina meno mawili ya kubana korosho na mkono wa kuvuta. Chini ilikuwa na pedali.

Bimdogo akainyoshea ile pedali kidole.

"Redio ilisema mkono."

"Ilikuwa tuseme haitumii umeme," alisema Happiness, sauti imeshuka. "Wakaandika mkono. Mama, samahani. Ya mkono mtupu sijawahi kuunda. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mtu angetegemea apige kelele, na Hamudi alikuwa ameshajiandaa. Lakini kelele zake zote alikuwa amezitumia kule chooni. Alihisi uchovu tu, na jua, na umbali wote wa kurudi nyumbani. Pengine kama Happiness angesema hoja imepokelewa, mambo yangeishia hapo. Badala yake yule dada alipiga magoti mchangani, akasema, "Nioneshe unavyokaa ukibangua. Nione mkono wa kushoto unafanya nini."

"Unashika korosho."

"Kwa muda wote?"

"Kwa muda wote. Kiwiko ndicho hakina kazi."

Happiness akakigusa kile kiwiko, akakisukuma nje, akakirudisha, kama mtu anayejaribu bawaba ya mlango. Wakaendelea hivyo mpaka watu waliporudi kutoka chooni na kuanza kuwafunika.

Jioni redio ilitangaza kwamba choo cha kwanza jumuishi katika maonyesho kimezinduliwa kwa kishindo, na haikufafanua mara ngapi. Ripoti ya kamati ilisema malengo yamefikiwa kwa kiwango kikubwa. Anderson mwenyewe alikuja Kitangari baada ya siku chache, bila suti, akiwa na cheti cha mdau bora kilichoandikwa jina la Bimdogo kwa herufi zilizokosewa.

"Mama, ulinitia aibu," alisema, amekaa tena na magoti yake kifuani.

"Najua, mwanangu."

"Kamati imekisifu choo, imenilaumu mimi." Akakigeuza kile cheti mkononi. "Ule mchanga mimi niliuandika. Naapa. Niliuandika mara mbili."

Bimdogo akamtazama, akaona kwamba ni kweli. Akamwekea uji wa karanga, akampa na korosho za kupeleka nyumbani, nzima nzima, hakuna hata moja iliyokaa sana.

Msimu ulipofunguka na korosho kuanza kudondoka, Happiness alipanda uwandani na mashine ya kwanza. Ilizisaga korosho zikawa unga, na mashine ikarudi ilikotoka. Ya pili ilikuwa nzito mno kwa kiwiko, ikamwachia Bimdogo begani alama nyeusi, akaitukana kwa Kimakonde mbele ya fundi wake, ambaye alikuwa Mmakua na alielewa yote. Akaichukua akaondoka nayo, amenuna. Akakaa kimya muda, hata Bimdogo akadhani basi tena. Kisha siku moja kirikuu cha Hamudi kikaingia uani na Happiness amekaa nyuma, ameikumbatia ya tatu.

Ilikuwa imesimama chini kabisa, usawa wa mtu aliyekaa mkekani, na wenzo wake, wa kusukumwa kwa kiwiko, ulichongwa ukazungushiwa kipande cha godoro. Ililia kama punda. Korosho ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Ya tatu ikatoka nzima, nyeupe, imejikunja. Bimdogo akaipulizia, akaigeuza kiganjani, akampa Happiness aile. Akachukua nyingine.

Wema alipiga simu kutoka Mtwara mchana ule, kama apigavyo kila siku akitoka zamu. Simu iliita juu ya mkeka, ikakatika, ikaita tena. Mama yake aliitazama. Mikono yote miwili ilikuwa kazini, na kiwiko pia.